Bibi Niliyempiga Risasi

Muhula uliopita boom lilichelewa, na laptopu yangu ya mtumba haiwezi kubeba gemu yoyote ya kisasa. Mwenzangu wa chumbani akanipa flashi. "Jaribu hii ya polisi, mwanangu. Ilitoka kabla hatujazaliwa."

Ilikuwa Police Quest: SWAT, ya kampuni ya Sierra ya Marekani, mwaka 1995. Nilidhani nitaanza kupiga risasi dakika ya kwanza. Wapi! Unaanzia mazoezini: unalenga shabaha, unasikiliza mihadhara, unafokewa na wakufunzi kana kwamba kesho kuna UE. Na humo hakuna katuni. Kila unayemwona ni mtu halisi aliyerekodiwa kwa kamera, ndiyo maana gemu nzima ilikuja kwenye sidii nne.

Kazi ya kwanza, Los Angeles: bibi mzee aliyechanganyikiwa akili yuko nyumbani kwake na silaha. Unajipanga na wenzako, unasubiri amri. Nikasubiri weee, nikachoka. Bibi alipotokea tu, nikabofya. Akaanguka.

"Duh, umeua bibi wa watu!" mwenzangu akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Ingekuwa katuni, ningeanza upya bila kuwaza. Lakini yule alikuwa mama mtu mzima, ana uso, na uso ule ulinirudisha nyumbani.

Shangazi yangu anaumwa akili. Nikiwa kidato cha pili, alijifungia ndani na panga. Vijana wa mtaani wakaja na marungu, nami nikiwa katikati yao nikipiga kelele kuliko wote: "Vunjeni mlango!" Babu akakataa. Akavuta kigoda, akakaa nje ya mlango ule, akaanza kumsimulia mwanawe habari za shamba, za mbuzi, za mvua. Alfajiri shangazi akafungua mwenyewe. Panga aliliacha kitandani.

Sijawahi kumwomba radhi.

Usiku ule nilisoma habari za gemu hii. Jina lililowekwa kwenye kasha ni la Daryl Gates, mmoja wa walioasisi kikosi cha SWAT cha Los Angeles, na mkuu wa polisi wa jiji hilo kuanzia 1978 hadi 1992. Askari wake ndio waliompiga Rodney King Machi 1991, huku mkazi mmoja akiwarekodi kutoka kwenye roshani yake. Mwaka uliofuata mahakama haikumtia hatiani hata mmoja wa askari wanne walioshtakiwa, jiji likawaka moto, watu zaidi ya 50 wakafa.

Kwa hiyo kuna video mbili za polisi wa jiji lilelile. Moja ina waigizaji, na inakufundisha kusubiri amri. Nyingine haikuwa na mwigizaji, na ndani yake hakuna aliyesubiri. Niliona hasira kwanza: huyu Gates anatufundisha subira yeye kama nani? Kisha nikakumbuka marungu, na sauti iliyopiga kelele kuliko zote. Somo nililijua tangu kidato cha pili. Tatizo ni kwamba kulijua hakukuzuia kidole changu.

Nimeirudia kazi ile mara nyingi. Mambo hayaji vilevile kila mara, huwezi kukariri kama past paper. Mara ya mwisho nilikaa kimya mpaka mwisho, sikufyatua hata risasi moja, na bibi akatolewa akiwa hai. Mwenzangu akapiga miayo: "Sasa hiyo nayo ni gemu?"

Nikatoka nje kwenye korido, nikampigia shangazi. Alishangaa, maana simu zangu huwa kwa babu. Nilianza kwa kumuuliza habari za mbuzi.