Gauni Langu la Kanga

Mwaka 1993 nalikuwa mtoto wa miaka 12, nasoma darasa la sita huko Kisarawe. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa shamba la mikorosho, na karibu nasi palikuwa na duka lenye baraza pana. Juu ya baraza ile alikaa mzee mmoja, fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, na rangi yake imekwisha kubanduka, lakini ilipokimbia sauti yake ilisikika hata kisimani. Wakati wa likizo nalikwenda kukaa karibu naye tangu asubuhi. Sikutumwa na mtu. Nalipenda tu kutazama.

Siku za kwanza hakunipa sindano wala mkasi. Alinipa nguo kuukuu na wembe uliofungwa kitambaa upande mmoja, akaniambia, "Fumua, mwanangu. Kata uzi, usikate nguo." Basi nikafumua. Mashati, suruali za shule, magauni ya watu walionenepa na ya watu waliokonda, yote yalipita mikononi mwangu. Nalidhani mzee ananipa kazi asiyoipenda yeye. Hata siku moja nikatandaza juu ya mkeka mkono wa gauni nilioufumua, nikashangaa. Nalidhani mkono wa nguo ukifunguliwa utakuwa kipande cha mraba. Kumbe juu umeinuka kama kilima, maana bega la mtu ni la mviringo. Nikatazama na mgongo, nikaona kwamba penye makwapa ni mpana kuliko kifua, kwa sababu mtu huinama na kunyosha mikono yake mbele, wala si nyuma. Tangu siku ile sikunung'unika tena. Mtu akiona gauni limevaliwa huona gauni moja. Akilifumua huona vipande sita au saba, na kila kimoja kina sababu ya umbo lake.

Fundi akanionyesha tena jambo la nyuzi. Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi zinazokwenda na urefu wa jora, ndizo mtande. Na nyuzi zinazopita kati yake kwa upana, ndizo mshindio. Ukikivuta kwa mtande, hakinyumbuki. Ukikivuta kwa mshindio, kitanyumbuka kidogo. Bali ukikivuta mshazari, yaani kutoka pembe hata pembe, kitanyumbuka sana. Ndiyo sababu ukanda wa kuzungushia shingo ya gauni hukatwa mshazari, upate kufuata mviringo bila kufanya makunyanzi. Mkitaka kuamini, shikeni leso ya pamba mkajaribu sasa hivi.

Nami sikuwa na futi ya kupimia. Akanifundisha kupima kwa uzi mnene na kufunga mafundo: fundo moja ni kifua, mafundo mawili ni kiuno, mafundo matatu ni urefu kutoka bega mpaka chini ya goti. Uzi wangu naliutundika msumarini juu ya kitanda, nikajiona fundi kamili.

Mwezi wa Agosti ikaja habari kwamba mama mdogo ataolewa Mlandizi, upande wa Kibaha. Wanawake wa kwetu wakapatana kuvaa kanga za namna moja. Mama akauza mihogo kwa majuma matatu, akanunua doti moja. Ninyi mnajua kwamba doti ni kanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Mama akazitenga, akanipa moja, akasema, "Mimi nitajitanda ile ya zamani. Hii ni yako, upate gauni. Fundi atataka fedha, nami sina. Utaweza kushona mwenyewe?"

Nikamjibu, "Nitaweza, mama."

Hapa yanipasa kueleza habari ya kanga yenyewe, maana kosa langu lilitokana na kusahau jinsi ilivyo. Kanga ina urefu kadiri ya sentimeta 150 na upana kadiri ya 110. Pande zote nne huzungukwa na pindo; katikati ni mji; na chini ya mji, juu ya pindo moja la urefu, yameandikwa maneno, ndiyo jina la kanga. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua leso zilizokuja katika jora, bado hazijakatwa moja moja. Wakakata leso tatu pamoja, na tatu tena, wakaziunga ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana ya leso sita. Hapo kwanza wengi walijifunga marekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa na merikebu kutoka Salem katika nchi ya Marekani, au kaniki iliyotiwa rangi ya giza. Wenye maduka walipoona jinsi nguo ile ya leso sita inavyopendwa, wakaagiza nguo zilizopigwa chapa nzima kwa namna ile. Hata leo watu wa Mombasa huiita kanga leso. Basi, kama masimulizi haya ni ya kweli, kanga haikutungwa kwanza na mwenye kiwanda. Ilitungwa na wanawake wenye mkasi na sindano, nao hawakungoja kuchaguliwa nguo. Napenda wapewe sifa yao.

Kanga aliyonipa mama ilikuwa nyekundu, na mji wake umejaa picha za korosho. Jina lake lilikuwa: TULIA MOYO WANGU SIKU ZAJA.

Siku ya Jumatano, mama alipokwenda shamba, nikaitandaza juu ya mkeka. Nikafikiri hivi: nikiikata katikati ya urefu nitapata vipande viwili sawasawa, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, na pindo la kanga litakuwa upindo wa gauni, nami sitakuwa na kazi ya kukunja. Shauri hili lilikuwa jema, na hata leo silikatai. Nikakata. Nikaweka kipande juu ya kipande, nikavikunja pamoja, nikapima kwa uzi wangu, nikakata shingo, na mabega, na makwapa. Mkasi ulikuwa mkali, na moyo wangu ulifurahi sana.

Nilipovitenganisha, furaha ikaniisha. Kipande cha mbele kilikuwa kizuri, maandiko yako chini. Lakini kile cha nyuma nalikuwa nimekigeuza kichwa chini miguu juu. Maandiko yalikuwa juu mabegani, yamepinduka, na shingo niliyoikata imepita katikati ya herufi. Tena sikuwa nimehesabu herufi kabla ya kuigawa kanga. Mkasi ulikuwa umepita ndani ya neno moja, hata mbele palisomeka TULIA MOYO WA, na nyuma NGU SIKU, na mengine yamekwenda na shingo.

Nikakaa chini. Nalitazama vipande vile kwa muda mrefu, kana kwamba vingeungana. Kisha nikavikunja, nikavificha ndani ya gunia la mihogo mikavu, na usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nikaenda kwa fundi. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Nikamtolea vipande, nikamwambia yote, nikamsihi anisaidie kabla mama hajajua. Mzee akavigeuza mara mbili, akavikunja vizuri, akanirudishia.

"Nguo hii ni ya nani?"

"Yangu, babu. Mama amenipa."

"Imenunuliwa kwa mihogo ya nani?"

Sikujibu. Akasema, "Mimi sishiki nguo ambayo mwenyewe hajui kwamba imekatwa. Nenda nyumbani kwanza."

Njia ya kutoka dukani mpaka kwetu haikuwa ndefu, bali siku ile naliiona ndefu. Mama alikuwa uani, anamenya mihogo. Nikatandaza vipande mbele yake. Akafuta mikono, akasoma polepole, "Tulia moyo wa... Wa nani?" Nikaanza kulia. Hakunipiga, wala hakunikemea. Akarudi kumenya mihogo yake, akanyamaza hata jioni. Kunyamaza kule kuliniuma kuliko fimbo. Tulipokwisha kula akasema, "Kesho nenda kwa fundi akuonyeshe njia. Lakini utashona wewe. Mkono wa mtu mwingine usiguse."

Siku ya Ijumaa fundi akaniuliza swali moja tu: "Je, uliivaa kanga hii kabla ya kuikata?" Sikufahamu. Akaninyosha, akatundika kipande cha mbele mabegani pangu kwa vibanio, akaniambia nitembee mpaka mwisho wa baraza na kurudi. "Mama yako akijifunga kanga," akasema, "kwanza huigeuza mpaka jina limekaa pahali pake, ndipo huikaza. Nawe fanya vivyo. Nguo huvaliwa kwanza, hukatwa baadaye."

Sasa mimi ni mwalimu huko Kibaha, na wasichana wangu huniletea picha za magauni katika simu, wakasema, "Mwalimu, nataka hili." Nawauliza, mshono wa kiuno uko wapi? Marinda yanatoka wapi? Nyuma likoje? Hawajui, maana picha haikugeuka. Ndipo nawaamuru wajizungushie kitambaa, wakitie vibanio, waketi, wainuke, wainame kama mtu anayefagia, kabla sijawapa mkasi. Wengine hucheka. Mimi sicheki.

Basi tukatafuta dawa ya kosa langu. Mgongo uliopinduka tukaukata kiunoni. Sehemu ya chini tukaiacha, maana ilikuwa na pindo lake zuri, ingawa korosho zake zilielekea chini. Na mahali pa mgongo nikaweka kipande cheupe kutoka shati kuukuu la baba. Likabaki lile neno WA lisilokuwa na mwenyewe. Fundi akapima kwa vidole, akanionyesha kwamba kipande cha mbele ni kipana mno kwa mwili wangu. Nikiingiza nusu ya shibiri katika mshono wa kila upande, WA itamezwa, na gauni litanikaa vizuri zaidi. Kwanza nikapiga bandi kwa uzi mweupe, nikalivaa, nikatembea. Ndipo nikashona.

Nalishona mchana, nikashona usiku kwa mwanga wa koroboi, kwa mkono, maana mama amekataza mkono wa mtu mwingine, na miguu yangu haikuwa imezoea cherehani. Sindano ilinichoma mara nyingi. Subana ya fundi ilikuwa kubwa, ikaanguka kila wakati. Karibu na alfajiri mama akaamka, akaniona, akaketi karibu nami. Hakushika sindano. Alishika koroboi, akaisogeza kila mshono uliposogea.

Siku ya Jumamosi tukaondoka mapema. Kutoka Kisarawe tulishuka Pugu mpaka Dar es Salaam, tukapanda gari jingine la kufuata barabara ya Morogoro, tukapita Kibaha, tukafika Mlandizi jua limekwisha kuwa kali. Wanawake wa kwetu wote walikuwa wekundu. Mama mdogo mmoja akanigeuza, akauona mgongo mweupe, akasema, "Hii ndiyo namna mpya ya mjini?" Kabla sijajibu, mama akasema, "Ameshona mwenyewe." Yule akanigeuza tena, akainama chini, akasoma TULIA MOYO kwa sauti, akapiga kigelegele. Korosho zilizopinduka hakuziona. Nalizijua mimi, na fundi, na mama.

Kile kipande cha mgongo tulichokiondoa hakikutupwa. Bibi yangu alikuwa akisuka ukili wa miyaa, naye alinifundisha kuushona kwa kuuzungusha hata ukawa mkoba wenye kitako cha mviringo. Miyaa hukwaruza vitu, na sarafu hupenya kati ya ukili na ukili. Kwa hiyo nikakata kipande kile cha kanga, nikakifanya kitambaa cha ndani, na mahali penye tundu la shingo nikashona kifuko kidogo cha kufunika. Mkoba ule nalikwenda nao chuoni kusomea ualimu. Ukili wake nimeubadili mara mbili, lakini kitambaa ni kile kile, kimepauka kikawa na rangi ya ua la mkorosho.

Huuleta darasani siku ile tunapoanza kukata. Watoto huupokezana, huufungua na kuchungulia, na daima yuko mmoja ambaye huona herufi zilizosalia karibu na kifuko. Mwaka huu alikuwa msichana mdogo wa darasa la tano. Akasoma, "SIKU," akaingiza kidole chini ya kifuko kutafuta herufi nyingine, akaniuliza, "Mwalimu, nani aliyekata hapa?"

Nikamwambia ni mimi, nikampa uzi apime kiuno chake.