Safu ya Tabia
Miongoni mwetu tunaoandika programu kuna utani wa Krismasi ninaouenzi, kwa sababu ulinibadilisha. Desemba ikikaribia, mtu huandika amri fupi ya SQL kuiambia kanzidata ya Baba Krismasi: nitolee watoto wote ambao tabia yao ni njema. Asili yake ni wimbo wa Kimarekani wa mwaka 1934, wenye maneno ya Haven Gillespie na muziki wa J. Fred Coots, ambamo mzee huyo anaandaa orodha ya watoto na kuikagua mara mbili. Wenzangu kazini huuendeleza utani huo kwa furaha. Watoto watambuliwe kwa ufunguo gani, maana akina Amina ni wengi? Aliyehama Novemba, nani atairekebisha anwani yake?

Mwaka mmoja dada mmoja wa kitengo chetu aliuliza: hiyo safu ya tabia anaijaza nani, na lini? Swali hilo likanikaa rohoni.

Kulijibu nilimrudia Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California, ambaye alieleza mwaka 1970 jinsi ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana. Kanuni alizoendelea kuziweka zinataka kila taarifa ikae na kile hasa inachokieleza. Basi tabia haimkai mtoto kama tarehe yake ya kuzaliwa. Tunachokiona ni matendo, na kila tendo lina siku yake. Aliyempiga mdogo wake Machi akamuuguza bibi yake Agosti, utamwandika neno gani? Andika matendo na tarehe zake. Hukumu itafutwe siku inapohitajika. Bila hayo, kukagua mara mbili ni kulisoma neno lilelile tena.

Wakati huo nilikuwa najenga mfumo wa chama cha kuweka na kukopa, huku Pwani. Kwenye jedwali la wanachama walitaka safu ya "mkopaji mbaya", ndiyo au hapana. Zamani ningeiweka palepale, kwani niliamini kazi yangu ni kutekeleza nilichoagizwa, haraka. Safari hii niliwaomba tuiache, tubaki na jedwali la marejesho: nani, kiasi gani, kilitakiwa lini, kimelipwa lini. Mhasibu alinung'unika, na haki yake, maana ripoti zikawa na hesabu ndefu zaidi.

Ila yupo mama muuza samaki aliyechelewa kulipa pepo za kusi zilipovuma na vyombo vikashindwa kutoka, kisha akamaliza deni lote. Kwenye mfumo hana alama inayomsubiri mtu akumbuke kuifuta. Alipoomba mkopo mwingine, kamati iliona kuchelewa kwake, ikaona na malipo yote yaliyofuata, ikampa.