Breki za Shemeji na Mteremko wa Sipi

Msafiri aingiaye Mbale kwa barabara ya Tororo huuona mlima wa Wanale upande wake wa kuume kabla hajauona mnara wa saa wa mji. Wengi huutazama mlima huo wakausahau upande wa viwanda, ule uitwao Industrial Division, ambao Mbale ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020 ulikuwa mmoja wa sehemu zake mbili. Huko kuna reli, maghala, mashine za kukoboa mpunga, mtaa wa Namatala uliojaa watu, na gereji zisizo na bango. Sisi tulipelekwa huko na breki.

Shemeji yangu, ambaye ni sajini jeshini, alinunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 1995. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza umri wa miaka 15, kwa hiyo magari ya mbio ya namna hii yaliyokwisha kuwamo hupita mkono kwa mkono, pamoja na maradhi yake. Hili lilikuwa jekundu, na injini yake ilinguruma vizuri. Nani angeuliza habari za breki?

Jumapili moja tulikuwa tukirudi kutoka Kapchorwa, dada yangu na watoto wawili wakiwa nyuma. Sipi iko kiasi cha mita 1,775 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo barabara hushuka kwa kona kali mpaka tambarare ya Muyembe. Shemeji alishuka kwa gia ya nne, mguu juu ya breki muda wote. Kwanza ilitujia harufu ya kuungua. Kisha pedeli ikazama hadi sakafuni kana kwamba imekanyagwa hewani. Mtoto akauliza, "Baba, mbona hatusimami?" Hakujibiwa. Shemeji alirudisha gia ya tatu, kisha ya pili, akavuta breki ya mkono taratibu, na gari likasimama likiwa limeegemea ukingo wa mlima. Baada ya saa moja pedeli ilirudi ngumu kama zamani, jambo lililotutia hofu zaidi.

Siku ya pili tulikuwa mbele ya fundi mmoja mzee. Shemeji alibeba gunia lenye kalipa, yaani vile vibanio vya diski, zilizotoka katika Impreza ya miaka ya baadaye: pistoni 4 kila moja, na diski za milimita 294 badala ya 277.

"Mzee, nifungie hizi kubwa."

"Afande, nitakufungia," alijibu fundi, "lakini hazitaingia ndani ya rimu zako za inchi 15. Utahitaji za inchi 16, na matairi yake. Kwanza tutazame kilichokuangusha."

Alifungua kopo la mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka; ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishashiba maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 155. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyea, hivyo nguvu ya mguu haifiki gurudumuni. Yakipoa, pedeli hurudi. Nilipiga hesabu jioni ile: gari la kilo 1,500 pamoja na abiria, likishuka mita 600, hutoa joto liwezalo kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji. Injini ikiachwa kazi ya kuzuia kwa gia ndogo, hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Gia ya nne haikubeba kitu.

Makosa mengine yalifuata. Mpira wa breki wa mbele ulikuwa umepasuka nyuzi, na pistoni ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa imeganda kwa kutu. Fundi alibadili mipira yote, akasafisha pistoni na kuitia mpira mpya wa kuziba, akaweka pedi na diski mpya za ukubwa uleule wa kiwandani. Kisha alitoa hewa gurudumu baada ya gurudumu, mimi nikikanyaga pedeli na kushikilia kila aliposema "shika", mpaka mafuta yakatoka safi bila povu. Kopo lililofunguliwa lililobaki nusu alikataa kulihifadhi. Gunia lilisukumwa chini ya meza. Diski kubwa hustahimili joto zaidi, alikiri, ila kwa matairi yale yale gari lisingesimama katika hatua chache zaidi.

Mimi na shemeji tulirudi Sipi peke yetu. Tulishuka kwa gia ya pili, breki zikiguswa na kuachiwa, na huko Muyembe hapakuwa na harufu.

Jumapili iliyofuata dada yangu alikubali kupanda, akaketi mbele. Katika kila kona mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu.