Deki ya Mjomba

Mwaka jana alipanda Mgeta mgeni kutoka Dar es Salaam, mmoja wa wale wakusanyao deki za kaseti za zamani. Alimkuta mjomba na deki yake, aliyoinunua mjini Morogoro kwa fedha za kabichi, na ambayo umeme ulipofika aliipandisha mlimani imeviringishwa blanketi. Mgeni akaigonga bati, akausifu uzito wake na mishale yake miwili ichezayo na sauti, akataja bei. Nakiri kwamba mimi, niliyekuwa nikidaiwa karo ya chuo ya mtoto, niliitamani bei ile.

Mjomba hakujibu, na sisi Waluguru, tufuatao ukoo wa mama, hatumharakishi mjomba. Alipiga kwanza kanda ya Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa aliyefariki mwaka 1979. Kisha akaweka ya bibi, aliyemnasa akiimba alipokuwa mgonjwa mjini.

Utepe wa kaseti, tangu Philips walipoitoa mwaka 1963, haufiki upana wa milimita 4. Kichwa kiusomacho kikiinama kidogo tu, sauti nyembamba hufifia. Kichwa cha deki hii kilikwisha kuinama kabla ya kumnasa bibi; basi katika mashine iliyonyooka bibi husikika kama aliyejifunika shuka, na katika hii iliyopinda yupo nasi, hata kikohozi chake.

Mgeni alielewa kabla yangu. Alimsihi mjomba asimruhusu fundi yeyote kukinyoosha kichwa kile, akanywa chai, akateremka na gari la mboga. Karo niliilipa baadaye, kwa njegere.