Maji rangi ya chai

Jana mvua imepiga Uluguru usiku kucha, leo bomba la hosteli linatoa maji rangi ya chai ya maziwa. Rumeti wangu bado anameza dawa za taifodi, basi nikabandika sufuria huku nawaza mradi wangu.

Bibi hutwanga mbegu za mlonge, anakoroga ndooni, tope linatua. Ila vijidudu vingine vinabaki. Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliunganisha mchanga na chembe za nano, akapata chujio linalorekebishwa kufuata uchafu wa mahali. Mwaka 2015 likampa tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza.

Mimi nachoma pumba za mpunga kupata mkaa wa kuchujia. Joto gani, dakika ngapi? Nataka kompyuta ijifunze kwenye vipimo vyangu, ibashiri upi wa kujaribu kwanza. Tatizo ninavyo 31 tu! Mwalimu kaniuliza, "Itajifunza nini hapo?" Nikanywea. Kweli, kompyuta haichomi pumba.

Kesho narudi kwenye tanuru. Rumeti anauliza kama maji yamechemka, ngoja nikaangalie.