Bweremana: mlima nyuma, ziwa mbele

Ukitoka Goma kwa gari unafika Sake. Pale njia inageuka kusini, na kuanzia hapo hakuna tena nafasi ya kuchagua. Kuume ni vilima vya Masisi, kushoto ni ziwa Kivu. Katikati ni barabara moja tu, inapita Shasha, inafika Bweremana, kisha inaingia Minova, Kivu ya Kusini. Anayefunga barabara hiyo amewafungia watu mlango wa nyumba.

Mama mmoja muuza maharagwe anaijua hesabu hiyo. Zamani gunia lake lilipanda gari asubuhi, na jioni alirudi kutoka Goma na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Februari 2024 vita vilifika Sake na Shasha, njia ikakatika. Mlimani hakupitiki na gunia mgongoni. Likabaki ziwa.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na abiria wengi walikuwa wamepanda kwa sababu ile ile: barabara haikuwepo. Waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Mama alilia na majirani, akaapa hatapanda boti tena. Lakini maharagwe hayatembei, na watoto wanakula kila siku. Akapanda. Safari hiyo alibeba bidoni tupu ya lita ishirini, kifuniko kimekazwa, akaikumbatia mpaka Goma. Wengine walimcheka.

Mlima wenyewe si adui. Volkano za Virunga ndizo zilizoziba njia ya maji ya kaskazini. Leo ziwa linatokea kusini kwa mto Ruzizi, kwenda Tanganyika. Liko juu sana, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo Masisi ina baridi, mvua na udongo mweusi: maharagwe, viazi, ng'ombe, ile fromage inayouzwa mpaka Kinshasa. Uzuri huo umeleta pia maneno. Tangu 1937 Wabelgiji walileta huku familia nyingi kutoka Rwanda, kwa kazi ya mashamba yao. Ugomvi wa ardhi unaosikika leo haukuanza jana, na anayesema umeanza na bunduki za juzi hajauliza wazee.

Na bahari? Kongo inayo, kule Muanda, lakini kwa mtu wa Bweremana iko mbali kama nchi nyingine. Bidhaa nyingi za dukani zinashuka Mombasa, zinavuka mipaka, ndipo zinafika Goma. Mpaka ukifungwa, bei ya sabuni inajua kabla ya redio.

Januari 2025 M23 waliingia Minova, siku chache baadaye Goma. Februari wahami waliokuwa kambini pembeni ya Goma waliambiwa waondoke. Wengi walirudi kwa miguu kupitia Sake, na wengine walikuta kuta bila mabati.

Gari zilianza kupita tena. Gunia la mama likarudi juu ya gari. Ile bidoni hajaitilia maji wala mafuta. Iko nyuma ya mlango, kifuniko kimekazwa, na watoto wamekatazwa kuichezea.