Pikapu Hupimwa Kitonga

Ikiwa unakusudia kununua pikapu itakayokupeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa, na kukokota tela la mazao siku za mapumziko, usiichague kwa kuitazama katika yadi ya magari. Yadi ni tambarare, na kwenye tambarare kila pikapu ni hodari. Ifikirie kwanza ikiwa katika barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia, ile iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha ndipo utoe fedha.

Jaribio la kwanza ni foleni ya Kimara na Mbezi. Hapa inayokuchosha ni pikapu tupu. Springi zake za nyuma zimeundwa kubeba karibu tani moja. Zikikosa mzigo hurusharusha, na mama aliyempakata mtoto kiti cha nyuma hulijua kila shimo. Mwenye familia hana budi kuchukua ya milango minne, ingawa bodi lake ni fupi. Kwa maoni yangu ufupi huo si hasara, kwani tela litafidia.

Ukishapita Chalinze na Morogoro unaingia Mikumi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Barabara inaikata kwa kiasi cha kilometa 50, na nyati hangoji honi. Gari lenye tela huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Hilo ulikumbuke unapopita katika bonde la mibuyu kuelekea Kitonga.

Wanunuzi wengi huuliza nguvu ya kupanda tu. Ni swali la haki: mji wa Iringa uko zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000. Dizeli yenye turbo huvuta vizuri hata ikizunguka polepole. Lakini angalia mwendo wa biashara yenyewe. Unapanda Kitonga na tela tupu. Viazi, mahindi na nyanya unateremka navyo! Hapo injini iliyokusifia mlimani haina la kusema zaidi ya kushikilia gia nzito. Kazi kubwa ni ya breki, na breki zikipata moto kupita kiasi, hazishiki.

Chukua Hilux, ambayo Toyota ilianza kuiunda mwaka 1968. Za siku hizi zenye dizeli ya lita 2.8 huruhusiwa katika nchi nyingi kukokota hadi kilo 3,500. Muuzaji atakutajia tarakimu hiyo kwa furaha. Mwulize basi ya pili: tela lisilo na breki zake lenyewe lisizidi kilo 750. Tofauti hiyo ndiyo maisha ya abiria wako.

Piga na hesabu ya uzito. Tela likiwa na kilo 1,500 pamoja na mzigo, karibu sehemu moja ya kumi, yaani kilo 150, hukandamiza ndoano ya pikapu. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350. Katika uwezo wa kilo 1,000 umekwisha tumia nusu, na bodini hujapakia hata debe moja. Uwezo halisi wa gari lako usome kwenye kibati cha kiwanda, usiukisie kwa kutazama matairi.

Chini ya mteremko, ukifika Ruaha Mbuyuni, simama rimu zipoe. Vitunguu vinauzwa hapo kando ya barabara, na familia haitakubali kuvipita. Gunia utakalonunua nalo liingie katika hesabu.